Suneka: Pa Kulala, Pa Kula na Pa Kununua kwa Familia Itokayo Pwani

Tumezoea kuulizwa sisi. Likizo ikikaribia, marafiki wa bara hutupigia simu kutaka kujua walale wapi Diani, wale nini Watamu, na wanunue kipi katika maduka ya Mji wa Kale, Mombasa, kabla ya kurudi makwao. Nasi hujibu kwa ufasaha wa mwenyeji: hoteli ile ina baa, ile nyingine haina, samaki kuleni jioni, mashua zikisharudi, na bei ya kwanza ya muuza vinyago si bei. Safari hii ilikuwa zamu yetu kuuliza, na huko tulikokuwa tukienda hakuna bahari wala hatukuwa na jamaa hata mmoja.

Binti yetu ni mwalimu. Tume ya Kuajiri Walimu humpeleka mwalimu mpya popote penye nafasi, na yake ikatokea katika shule ya sekondari karibu na Suneka, Kaunti ya Kisii. Alikwenda na sanduku moja, mswala, na mtungi mdogo wa gesi. Kwa miezi kadhaa tuliridhika na simu. Lakini kila tulipomuuliza anakula nini, jibu lilikuwa moja: mayai. Mama mtu akisikia mayai Jumatatu, na mayai Alhamisi, na mayai wiki inayofuata, hapati usingizi. Shangazi yake alisema wazi kwamba mtoto aombe uhamisho, na asipoupata aache kazi arudi nyumbani. Tukakubaliana tusihukumu kabla ya kuona. Tukaondoka wanne: mama, shangazi, kaka yake na mdogo wake wa kike.

Tunayaandika haya kwa ajili ya familia zenye mabinti waliopangiwa kazi au masomo upande huo, maana wapo, na maswali yao ni yale yale tuliyokuwa nayo sisi.

Njia ni ndefu, ila si ngumu. Treni ya kutoka Mombasa ilitufikisha Nairobi, tukalala kwa jamaa Eastleigh, na asubuhi tukapanda basi. Barabara hupita Narok, Bomet, Sotik na Keroka kabla ya kuingia mji wa Kisii, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Chukueni gari la asubuhi, na mkubaliane na dereva mapema kuhusu mahali pa kusimama adhuhuri, msije mkabishana naye barabarani. Baada ya Bomet hewa hubadilika. Mashamba ya chai hutanda mlimani kama zulia, na anayetoka Likoni na dera jepesi huanza kutafuta sweta ndani ya mkoba. Mji wa Kisii uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, aghalabu alasiri, na radi zake si za kufanyiwa mzaha. Udongo ni mwekundu na mtelezi. Mwenye buibui refu afupishe pindo kwa pini, la sivyo atarudi nalo limebadilika rangi.

Suneka yenyewe iko takriban kilomita kumi kutoka mji wa Kisii, kwenye barabara kuu iendayo Rongo na Migori. Si mji wa kutembelewa na watalii. Ni senta ya barabarani: maduka pande zote mbili, wauza ndizi na miwa, matatu na gari ndogo za Probox zinazojaza abiria kupita kiasi, na uwanja mdogo wa ndege unaojulikana kwa jina la hapo. Ni makao ya Kisii Kusini, katika eneo bunge la Bonchari. Ukishuka hapo na mizigo, vijana wa bodaboda watakuzunguka, kama wanavyofanya Kongowea.

Pa kulala palitupa funzo la kwanza, na kosa lilikuwa letu. Tulipanga chumba kwa simu bila kuuliza zaidi ya bei. Tulipofika tukakuta chumba ni safi, maji moto yapo, shuka zimepigwa pasi, na chini ya sakafu yetu ni baa. Hadi saa nane za usiku tulisikiliza muziki na vicheko. Shangazi alisali tahajudi yake huku gitaa likimpigia. Asubuhi tulihamia mjini Kisii, katika nyumba ya wageni inayoendeshwa na kanisa, ambako pombe ni marufuku na lango hufungwa mapema. Baadhi ya wasomaji watashangaa kusikia tulilala kwa kanisa. Tulilala vizuri. Tulipowaomba wahudumu watusaidie kuuondoa msalaba uliotundikwa ukutani, mbele ya mahali tuliponuia kusali, waliuondoa kwa upole na kuurudisha tulipoondoka. Basi ulizeni mambo matatu kabla ya kulipa: baa iko wapi, lango hufungwa saa ngapi, na je, choo na bafu ni vya chumba hicho peke yake. Bei iwe swali la nne.

Msikiti tulioutegemea ni wa mjini Kisii, ambako Waislamu wameishi vizazi na vizazi, wakiwemo Wanubi, na mtaa mmoja wa mji unaitwa Nubia hadi leo. Kaka mtu alisali Ijumaa huko. Kwa sisi wanawake, sala nyingi zilisaliwa chumbani, na hapo pana jambo ambalo msafiri wa Pwani huenda asilijue. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini moja kwa moja. Kisii iko magharibi zaidi, kwa hiyo kibla chake huelekea mashariki kidogo ya kaskazini. Na kwa kuwa jua huchelewa kufika huko, nyakati za sala ziko nyuma ya za Mombasa kwa takriban dakika 20.

Hili tulilijua kwa aibu. Alhamisi tulifunga sunna, na jioni tukawa chumbani kwa binti yetu. Ukutani alikuwa ametundika kalenda ya msikiti wa mtaani kwetu. Mama akaitazama, akatazama saa, akasema magharibi imeingia. Mdogo mtu alikwishachukua tende. Mwenye chumba akaupokea mkono wake taratibu. “Mama, tazama nje kwanza.” Tukachungulia: jua lilikuwa bado juu ya kilima, limetulia kabisa. “Kalenda hiyo ni ya kunikumbusha nyumbani,” akasema. “Nyakati nazitazama kwenye simu, na simu inajua niko wapi.” Shangazi hakusema neno, lakini tulimwona akimtazama yule mtoto kwa jicho jingine.

Tuje kwenye chakula, ambacho ndicho kilichotupeleka.

Wengi wa wenyeji wa Gusii ni Wakristo, na kati yao Waadventista wa Sabato ni wengi mno. Kwa Mwislamu, hilo lina maana kubwa kuliko anavyodhani. Mwadventista mwenye kushika dini yake hali nguruwe wala hanywi pombe, na wako wasiokula hata kambare kwa sababu hana magamba. Mama mwenye nyumba anayopanga binti yetu ni mmoja wao. Tulipoingia jikoni kwake kwa hadhari, tukiwa tumejiandaa kukataa kwa adabu, tulikuta jiko ambalo lisingemtia wasiwasi bibi yeyote wa Kibokoni. Hata hivyo, kutokula nguruwe hakuifanyi nyama kuwa ya halali. Nyama bado ina swali lake: nani amechinja?

Na swali hilo binti yetu hakuwa amemwuliza mtu yeyote. Alituambia ukweli siku ya pili, akiwa ameinamisha kichwa. Aliona haya. Alikuwa mgeni, mwalimu kijana, Mwislamu peke yake katika chumba cha walimu, naye hakutaka aonekane kuwa anawaona wenzake wachafu. Ndiyo maana ya mayai.

Kaka yake akaenda buchani na kuuliza waziwazi. Muuza nyama hakuudhika hata chembe. Akajibu kwamba ng'ombe wake huchinjwa na Mwislamu, kwa kuwa mfanyabiashara hataki kumpoteza mteja, na ndivyo ilivyo katika machinjio mengi ya umma nchini. Akamwambia kama ana shaka aende machinjioni alfajiri. Alidamka, akapanda bodaboda gizani, akaenda. Alimkuta mchinjaji ni mzee mwenye kofia, wakasalimiana kwa salamu ya Kiislamu, na mzee akauliza kwa mshangao kwa nini yule mwalimu hakupeleka mtu siku zote hizo. Miezi yote ile ya mayai, nyama ya halali ilikuwa ikining'inia hatua chache kutoka lango la shule! Mama alicheka, kisha akalia kidogo.

Lakini msifanye jambo la buchani kwetu kuwa fatwa ya Gusii nzima. Kila bucha iulizwe. Na penye shaka, samaki yupo. Barabara ya Suneka ndiyo njia ya kwenda upande wa Ziwa Viktoria, na ngege na omena hufika sokoni kila mara. Samaki hahitaji mchinjaji. Sisi wa Pwani huwabeza samaki wa maji matamu tukisema wananuka tope. Tuwaombe radhi. Ngege aliyekaangwa kavu kisha akatiwa kwenye mchuzi wa nyanya, akaliwa na ugali wa wimbi, ni chakula kamili. Ugali wenyewe una rangi ya udongo na ladha ya nafaka hasa. Wenyeji huuita obokima, na kwa kawaida ya zamani huwekwa ndani ya ekee, kikapu kidogo kilichosukwa kikashikamana, ambacho huhifadhi joto lake.

Mboga za huko zinataka subira. Chinsaga ndiyo mgagani wetu, na rinagu ni mnavu. Zote ni chungu. Mama mwenye nyumba huipika chinsaga kwa maziwa, akailaza usiku, na siku ya pili akaipasha. Hapo uchungu hugeuka kuwa kitu kingine ambacho mdogo mtu hakukipenda na shangazi alikipenda mno, akaomba afundishwe. Ndizi za kupika ni nyingi na rahisi, nazo huchemshwa pasipo nazi. Tulikuwa tumebeba nazi nne, mbuzi ya kukunia na chujio. Siku ya tatu tulimpikia mama mwenye nyumba ndizi kwa tui, naye akazila kimya, kisha akauliza kama mnazi unaweza kuota Suneka. Kwenye vibanda vya chakula vya barabarani, chai ya maziwa, chapati na maharage vinapatikana, ila ulizeni mafuta: hayo hayo yaliyokaanga samaki ndiyo yaliyokaanga nini kingine?

Kuhusu kuku, shangazi alimaliza shida kwa mkono wake mwenyewe. Alinunua jogoo wa kienyeji sokoni, akamleta nyumbani miguu imefungwa, akamwita binti yetu uani. Wasichana wengi wamelelewa wakiamini kwamba kuchinja ni kazi ya wanaume peke yao. Ni mazoea tu, maana wanazuoni wamehalalisha kuchinja kwa mwanamke Mwislamu, na mwanamke anayeishi peke yake ugenini anauhitaji ujuzi huo kuliko mwingine yeyote. Kisu kiwe kikali, kuku asikione kikinolewa, jina la Mwenyezi Mungu litajwe, na mkono usisite. Wa kwanza mkono ulisita, shangazi akaumalizia. Wa pili, siku iliyofuata, binti yetu alimchinja peke yake.

Hapo uani tulipata pia kicheko ambacho bado tunakicheka. Mtoto wa jirani alikuwa akiita kwa sauti, “Baba! Baba!” Sisi sote tukavuta mitandio upesi, kwa kuwa vichwa vilikuwa wazi, tukasubiri mwanamume atokee. Akatokea mwanamke mwenye jembe begani. Kumbe katika Ekegusii mama ndiye “baba”, na baba ni “tata”. Mama mzee huitwa kwa heshima “omong'ina”, na shangazi alipoitwa hivyo kwa mara ya kwanza aliuliza kwa ukali ni tusi gani. Alipoelezwa, akalipenda jina. Salamu ya asubuhi ni “bwakire”. Jifunzeni hiyo tu, na milango itafunguka.

Ununuzi. Soko la Daraja Mbili mjini Kisii ndilo kubwa, nalo lina kila kitu: mikungu ya ndizi iliyolazwa chini, maparachichi, wimbi, mboga, vikapu, nguo za mitumba. Nendeni asubuhi kabla ya mvua. Msipange ununuzi Jumamosi kama sisi, kwa maana ni Sabato, na huko Suneka tulikuta vibanda vingi tulivyovihitaji vimefungwa na wenyewe wamevaa nguo zao nzuri wakielekea kanisani. Majani ya chai ya milima hiyo ni zawadi nyepesi na ya bei nafuu, nasi tulirudi nayo ya kutosha nyumba tatu.

Zawadi nzito ni jiwe. Wasomaji mnalijua: sahani, bakuli, viboko na tembo wadogo weupe na waridi wanaopangwa juu ya meza ufukweni Diani na katika maduka ya Mombasa na Malindi, vikauzwa kwa mtalii kama kumbukumbu ya Pwani. Jiwe hilo si la Pwani. Linachimbwa Tabaka, kusini ya Suneka, na gari la kukodi lilitufikisha huko asubuhi moja. Wanaume wanalikata kwa sururu kutoka kwenye mashimo, na kulichonga kwa panga, tindo na visu, maana ni laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha. Kisha kazi huhamia kwa wanawake. Tuliwakuta wameketi chini karibu na mabeseni ya maji, wakisugua kwa msasa, wakisuuza, wakisugua tena kwa msasa mwororo zaidi, hadi jiwe linang'aa. Mwisho hupakwa nta. Vidole vyao vilikuwa vimekunjamana kwa maji kama vya mtu aliyefua siku nzima. Vumbi jeupe la wachongaji lilikuwa limetanda juu ya majani ya migomba.

Kutoka kijiji hicho alitoka Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani, aliyechongwa kwa jiwe hilo, yuko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Lakini mama aliyetuuzia bakuli hakuwa na habari za Paris. Alitaja bei ambayo haikufika thuluthi ya ile tuliyowahi kutajiwa Mombasa kwa bakuli kama hilo. Shangazi, kwa mazoea, akafungua mdomo apunguze. Mama akamgusa kiwiko. Alinyamaza, akalipa, akaongeza la pili. Tulikumbuka siku tulizosimama mbele ya meza ya vinyago na kujisifu kwa kuwa tumempunguza mchuuzi hadi nusu, bila kujua nusu ile iliyobaki inagawanywa na watu wangapi kutoka Tabaka hadi ufukweni.

Mdogo mtu alitaka kiboko. Nyumbani kwetu hatuweki sanamu za viumbe wenye roho, na mabishano yalikuwa marefu, mbele ya muuzaji, ambaye aliyasikiliza kwa makini kisha akaingia ndani na kutoka na kisanduku cha duara chenye kifuniko, kimechongwa maua na mistari. Alisema wateja wake wengine Waislamu huchukua hivyo. Basi vipo: vyetezo, sahani, vikombe, visanduku, vishikio vya vitabu. Kama mnataka chombo cha kulia chakula, semeni tangu mwanzo, maana vilivyotiwa rangi na kung'arishwa kwa nta ni vya kutazamwa tu. Na fungeni kila kimoja peke yake ndani ya nguo. Letu moja lilivunjika Narok.

Usiku wa mwisho tulikaa chumbani kwa binti yetu kungojea isha. Suala la uhamisho halikuwa limetajwa tangu Alhamisi. Mama alilitaja yeye, kwa upole, akauliza: mwanangu, unataka tuandike barua? Binti yetu alifikiri kidogo. Alisema wanafunzi wake wa kidato cha nne wanakaribia mtihani, na kwamba akitaka kuhama ataomba mwenyewe. Shangazi, aliyekuwa akifungasha mizigo, alitoa kisu kile alichonunulia Daraja Mbili, akakifuta, akakiviringisha ndani ya gazeti, akakiweka juu ya rafu kando ya kalenda ya msikiti.

Tunakwenda tena Desemba, inshallah. Mama mwenye nyumba ameagiza haluwa na nazi mbili zenye kuchipua.